Hita ya maji ya gesi: chokaa inavyokula pesa za kutuma nyumbani

Kama umenunua nyumba Brooklyn Park au Brooklyn Center, maji yako yanatoka visimani na ni magumu kuliko ya Minneapolis, ambayo jiji huyalainisha kwanza. Kwa hita isiyo na tangi, hiyo ni gharama. Chokaa hushika ndani ya vibomba vyembamba ambako moto wa gesi hupasha maji. Joto halipiti vizuri, bili ya gesi inapanda, na mwishowe bomba linatoboka. Waranti nyingi hazilipi uharibifu wa chokaa, kwa hiyo mwezi huo nyumbani hawatumiwi kitu.

Isafishe kila mwaka. Zima gesi na umeme, funga vali za maji baridi na moto, unganisha mipira ya pampu, zungusha siki nyeupe kama dakika 45, halafu suuza. Kichujio cha maji yanayoingia pia kinaziba, kioshe. Pampu moja inatosha watu wanne. Nunueni kama chama.

Ukiona masizi au moto wa manjano, usiguse. Huenda ni monoksidi ya kaboni, na haina harufu. Ita fundi mwenye leseni. Na wewe mpangaji, usinunue hata siki: mwandikie mwenye nyumba, sheria ya Minnesota inamtaka yeye atengeneze.