Sola au Luku? Piga Hesabu Kabla Pesa ya Korosho Haijaisha

Pesa ya korosho haikai. Kama umepanga kuweka umeme nyumbani, iwe Mikindani, Msangamkuu au Msimbati, amua kabla haijapukutika. Lakini usinunue kwa kuangalia wati zilizoandikwa kwenye boksi.

Shika mambo mawili. Volti ni msukumo wa umeme; ampea ni wingi wa umeme unaopita. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati.

Chukua nyumba ya kawaida: taa nne za wati 5 kwa saa tano, televisheni ya wati 30 kwa saa nne, na simu tatu. Jumla ni kama wati-saa 250 kwa siku. Kwenye betri ya volti 12, hizo ni ampea-saa 21.

Nguzo ikiwa karibu, chukua Tanesco. Kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000, ila pesa hiyo haigusi wayaringi ya ndani, na hapo ndipo gharama kubwa ilipo. Mtumiaji mdogo wa daraja la D1 analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Nyumba yetu ingekula uniti saba na nusu kwa mwezi, yaani chini ya shilingi 1,000 pamoja na kodi na tozo zake. Nyumba inayotozwa kodi ya majengo hukatwa shilingi 1,500 zaidi kila mwezi kupitia luku. Hata hivyo, sola haifikii unafuu huo.

Sola ya kulipia kwa simu. Kianzio ni kidogo na fundi anakuja nayo. Kabla ya kukubali, zidisha malipo ya siku kwa siku zote za mkataba, kisha linganisha na bei ya taslimu. Uliza pia: nikichelewa, taa zinazimwa? Betri ikifa, nani anaibeba hadi mjini?

Sola ya kujiungia mwenyewe. Hapa betri ndiyo inayomaliza pesa. Betri ya maji ya N100 ina ampea-saa 100, lakini ukiizoesha kushuka chini ya nusu inakufa mapema. Ya lithiamu inavumilia kutumiwa hadi asilimia 80, kwa hiyo ya ampea-saa 50 inakupa karibu kazi ileile, na hudumu miaka mingi zaidi. Gawa bei kwa ampea-saa unazoweza kutumia kweli, uone ipi ni ghali. Betri ya gari iache: imeundwa kuwasha injini, haikuundwa kukesha na taa.

Paneli ya wati 100 hutoa kama ampea 5.5 jua likiwa kali. Kwa nyumba yetu inatosha kwa shida. Mvua za Desemba hadi Aprili zitakuumbua. Nunua ya wati 150.

Inveta usiikimbilie. Ya wati 1,000 ikifanya kazi kwa nguvu zote inavuta zaidi ya ampea 83 kwenye betri ya volti 12, na hula umeme hata isipokuwa na kazi. Televisheni na taa za volti 12 zinakuepusha nayo.

Kingine ni waya. Ampea 10 zikisafiri mita 10 kwenye waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, volti 12 zinafika chini ya 10. Kwa milimita za mraba 6, unapoteza kama nusu volti tu. Waya mwembamba ni rahisi dukani, hasara nyumbani. Na kwa chumvi ya bahari yetu, paka grisi kwenye viungio.

Kwa ufupi: nguzo ikifika, lipia Tanesco. Isipofika, nunua lithiamu ndogo, paneli ya wati 150 na waya mnene, na inveta isubiri. Na usitoke dukani bila risiti yenye muda wa dhamana.