Dawa za Mafua Zilizo Jikoni na Shambani

Wakulima wa Limuru, Kinangop, Molo na sehemu nyingine za milimani waijua sana baridi ya Juni mpaka Agosti. Ukungu hukaa mpaka saa nne za asubuhi, na nyumba nzima hupiga chafya. Siku hizo kila bibi huwa daktari. Mmoja asema chemsha tangawizi, wa pili asema leteni majani ya mkaratusi, na wa tatu ana chupa ya asali aliyoificha tangu mavuno yaliyopita. Je, dawa hizi zafaa?

Kwanza yapasa kujua kwamba baridi peke yake haileti mafua. Huletwa na virusi vya aina zaidi ya 200, navyo hupita kwa chafya, kikohozi na mikono. Tukijifungia jikoni sote kuota moto, ndipo twaambukizana. Karibu na mji wa Salisbury, Uingereza, kilianzishwa kituo mwaka 1946 cha kuchunguza mafua tu. Watu walijitolea kutiwa virusi puani, na kazi ile ikaendelea zaidi ya miaka 40. Dawa ya kuyamaliza mafua haikupatikana, wala hata leo haipo. Antibiotiki, ziwe za watu au zile zilizobaki za ng'ombe, haziui virusi. Basi mtu asiidharau tangawizi ya bibi kwa kuwa haiponyi, hakuna iponyayo. Mafua huisha yenyewe, mara nyingi kwa siku 7 mpaka 10, na kazi ya dawa za nyumbani ni kumpunguzia mgonjwa taabu.

Katika hizo, mimi naiweka asali mbele. Shirika la Afya Duniani, lilipoandika mwaka 2001 juu ya dawa za kikohozi cha watoto, liliitaja asali miongoni mwa vitulizo vifaavyo. Chukua kikombe cha maji ya moto, kamulia nusu ya limau, tia kijiko cha asali, na ukipenda tangawizi kidogo iliyopondwa. Kunywa kabla ya kulala. Mwenye mizinga yake na mlimau nyuma ya nyumba hana haja ya kwenda dukani. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba. Asali yaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambazo huota tumboni mwa mtoto mchanga kama mahindi katika udongo mzuri, zikamlegeza viungo hata ashindwe kunyonya na kupumua. Dawa yake ni maziwa ya mama, anyonyeshwe mara nyingi.

Koo likiwasha, mtu mzima asukutue kwa maji vuguvugu yenye chumvi nusu ya kijiko cha chai, kisha ateme.

Kujifukiza kwa majani ya mkaratusi kwapendwa sana, na watu hudhani ni dawa ya kale kabisa. Mti wenyewe uliletwa Kenya kama mwaka 1902 ili upatikane kuni za magari ya moshi! Mvuke humfanya mtu aone pua imefunguka, nayo ni nafuu ya kitambo tu. Hatari ni ile sufuria. Mtoto akifunikwa blanketi juu ya maji yachemkayo, akifurukuta mara moja tu maji humwagika mapajani, na mafua ya wiki moja yakawa vidonda vya miezi. Watoto wasifukizwe kamwe.

Ziko na desturi za kuachwa kabisa. Kumnywesha mtoto mafuta ya taa ni sumu. Huingia mapafuni na kuyaunguza. Tena wako wasemao kwamba kikohozi kisichoisha chatokana na kimio kirefu, wakamwita fundi akikate kwa wembe. Mtoto huvuja damu, kidonda huoza, na kikohozi kiko pale pale.

Jambo jingine ni hili neno "homa". Huku bara twaliita mafua hivyo, na malaria pia twaiita homa. Mwili wa mtoto ukiwa moto, usikae nyumbani ukimpa limau kwa kuwa jirani amesema ni homa tu. Mpeleke akapimwe damu.

Tena hesabu pumzi zake. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Funua kifua, shika saa, hesabu kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akipumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka 1 mpaka 5 akipumua mara 40 au zaidi, yaelekea ni nimonia, si mafua. Kadhalika kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu avutapo pumzi, au akishindwa kunywa. Aliye chini ya miezi 2 akiugua, apelekwe bila kungoja hesabu. Hapo acha sufuria motoni, mfunge mtoto mgongoni, uende zahanati siku hiyo hiyo, hata kama ni siku ya kuchuma chai.