Taa Inayorudi

Leo tuzungumze juu ya ile taa ndogo ya rangi ya chungwa yenye picha ya injini. Wengi wetu huku Kimulot tuna magari makuukuu, nayo taa hii huwaka tukipanda vilima vya mashamba ya chai.

Mara nyingi twafanyaje? Twafungua waya wa betri kwa muda, taa inazimika, twafurahi. Baada ya siku chache yarudi. Kwa nini? Kwa sababu tumefuta kumbukumbu ya kompyuta ya gari, lakini ugonjwa tumeuacha palepale.

Basi, kwanza fundi aunganishe mashine ya kusoma, aandike namba kabla ya kufuta lolote. Namba hueleza dalili; haisemi tununue kipuri gani. Kwa mfano, P0171 maana yake hewa ni nyingi kuliko ipasavyo kwa petroli inayoingia. Huenda mpira wa hewa umepasuka, sensa ya hewa ni chafu, au pampu ya petroli imechoka. Tuanze na mpira, kwa maana kuutazama ni bure. Tukiisha kutengeneza, ndipo tufute. Namba ile ile ikirudi, chanzo bado hatujakipata.

Lakini taa ikiwaka na kuzimika upesi upesi, tupunguze mwendo na kusimama mahali salama. Huenda petroli isiyoungua yaingia katika bomba la moshi na kuharibu kisafisha-moshi kwa joto.

Ndugu, usiku mmoja gari hilo litahitajiwa kumpeleka mgonjwa Litein. Tusiinyamazishe taa, tuiulize yasema nini. Kwaherini.