Doa Jeusi si Ushahidi wa Uhai

Mtoto mwenye selimundu anapolia usiku kwa maumivu ya mifupa, wazazi wa Kibondo na Kasulu huwa tayari kuuza hata shamba. Kwa hiyo tunaona ni wajibu wetu kueleza habari za tiba ya seli.

Seli zikishaingizwa mwilini, nani ajuaye ziliko? Watafiti huzilisha kwanza chembe ndogo mno za chuma, kisha humdunga mgonjwa. Katika kipimo cha MRI, chuma hicho huvuruga sumaku, na picha huonyesha doa jeusi. Mwaka 2005 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walizifuatilia hivyo seli za kinga kwa wagonjwa 8 wa saratani ya ngozi. Picha zilifichua kwamba kwa wagonjwa 4, sindano ilikosa tezi iliyokusudiwa.

Hata hivyo, seli ikifa, chuma chake chaweza kumezwa na seli nyingine, na doa likabaki. Doa hushuhudia chuma, halishuhudii uhai.

Ikiwa wataalamu wenyewe huhitaji ushahidi zaidi, sisi tutamwaminije muuza chupa mwenye maneno matamu? Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta dawa, kudanganywa si sehemu ya kutawakali. Tuanzie hospitali ya wilaya, tuulize kuhusu rufaa. Tangu 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, hupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Shamba lisiuzwe kabla ya swali kuulizwa.