Faili moja, mahali pawili: kuhama ndani ya faili kwa lugha ya C

Chukua faili yenye baiti 10,000 kwenye kompyuta ya Linux. Ifungue kwa fopen, soma herufi moja tu kwa fgetc, kisha uliza umefika wapi. Amri ya ftell itakujibu 1. Mfumo endeshi, ukiuuliza swali lilelile kwa lseek, kwa kawaida utakujibu 4096. Majibu hayo yanapishana kwa baiti 4,095, na yote mawili ni ya kweli. Mwandishi wa programu anayeelewa kwa nini yanapishana ameshamaliza sehemu ngumu. Kanuni nyingine zote za fseek, amri ya kuhama ndani ya faili, zinatokana na hapo.

Chanzo ni bafa. Programu haigusi diski yenyewe, huiomba kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na kila ombi lina gharama: prosesa inaiacha programu, inaingia kwenye kerneli, inakagua ruhusa, inafanya kazi, inarudi. Faili ya megabaiti moja ina baiti 1,048,576. Ukiiomba kerneli baiti mojamoja, utabisha hodi zaidi ya mara milioni. Ukiomba 4,096 kwa mkupuo, mara 256 zinatosha. Hakuna anayekwenda kisimani na kikombe kila akishikwa na kiu. Watu hujaza ndoo. Maktaba ya stdio ndiyo inayojaza ndoo hiyo, yaani bafa, kwa niaba yako. Mizizi yake ni kazi ya Mike Lesk katika maabara za Bell huko Marekani miaka ya 1970, na ilienea pamoja na toleo la saba la Unix, mwaka 1979.

Kwa hiyo kila faili iliyofunguliwa kwa fopen ina mahali pawili. Pa kwanza ni pale programu yako inapoamini ipo. Pa pili ni pale kerneli ilipoishia kusoma au kuandika. Ukisoma, kerneli hutangulia. Ukiandika, hubaki nyuma, kwa sababu data yako bado imo kwenye bafa. Kazi ya fseek ni kukupeleka unakotaka huku ikihakikisha pande hizo mbili hazipotezani.

Amri yenyewe inahitaji vitu vitatu: mkondo wa faili, idadi ya baiti za kusogea, na mahali pa kuanzia kuhesabu. SEEK_SET ni mwanzo wa faili, SEEK_CUR ni pale ulipo, SEEK_END ni mwisho. Kabla ya kuhama, data iliyokuwa bafani ikisubiri kuandikwa hupelekwa kwanza kwa kerneli. Alama ya kwamba faili imefika mwisho hufutwa, na herufi uliyoirudisha kwa ungetc husahauliwa.

Tuitazame ikifanya kazi. Tuna faili ya alama za wanafunzi, kila rekodi ina ukubwa uleule, nasi tunataka kumsahihishia mwanafunzi namba 27:

while (fread(&m, sizeof m, 1, f) == 1) {
    if (m.namba == 27) {
        m.alama = 68;
        fseek(f, -(long)sizeof m, SEEK_CUR);
        fwrite(&m, sizeof m, 1, f);
        fseek(f, 0L, SEEK_CUR);
    }
}

Fseek ya kwanza inaeleweka upesi. Baada ya kusoma rekodi tumeshaipita, hivyo tunarudi nyuma kwa urefu wa rekodi moja ili tuandike juu yake. Tusiporudi, alama za namba 27 zitaangukia kwenye rekodi ya jirani yake.

Fseek ya pili ndiyo inayowashangaza wengi. Inasogea baiti sifuri! Mtu akiiona kwenye msimbo wa mwenzake huifuta akidhani ni takataka. Lakini kanuni ya C inasema ukitoka kuandika usianze kusoma moja kwa moja. Sharti upitie fflush au amri ya kuhama. Na ukitoka kusoma usianze kuandika bila kuhama, isipokuwa kama kusoma kuligota mwisho wa faili. Sababu ni kwamba maktaba inaruhusiwa kutumia bafa ileile kwa shughuli zote mbili, nayo inahitaji kuambiwa lini igeuke. Ukivunja kanuni hii, lugha haikuahidi chochote: programu inaweza kufanya kazi vizuri kwenye mashine yako, kisha ikaharibu rekodi kwenye mashine yenye maktaba nyingine.

Jinsi ya kuifungua faili nayo ina uzito. Kwa kazi hii tunatumia "r+b". Ukitumia "w+b", faili nzima inafutwa kabla hujasoma kitu. Ukitumia "a+b", kila unachoandika kitakwenda mwishoni, hata ukiita fseek mara ngapi.

Faili za maandishi zina masharti yao. Kwenye Windows, mwisho wa mstari huhifadhiwa kwa baiti mbili, lakini programu iliyofungua faili kama maandishi huona herufi moja. Hesabu ya herufi ulizosoma hailingani tena na hesabu ya baiti. Ndiyo maana kiwango cha C kinaruhusu mambo machache tu kwenye faili za aina hiyo: kusogea kwa sifuri, au kurudi mahali ulipopewa na ftell hapo awali. Hata kwenye Linux, anayehesabu herufi badala ya baiti ataumbuka. Neno ng'ombe likiandikwa kwa alama ya juu iliyonyooka lina baiti saba katika UTF-8. Likiandikwa kwa ile iliyopinda, ambayo programu za kuchapia huiweka zenyewe, lina baiti tisa.

Ukubwa wa faili nao una mpaka. Fseek na ftell hutumia namba ya aina ya long, na pale ambapo long ina biti 32, namba kubwa kabisa ni 2,147,483,647, yaani karibu gigabaiti mbili. Windows imebaki na long ya biti 32 hata kwenye mashine za biti 64. Huko tumia _fseeki64. Kwenye mifumo ya jamii ya Unix zipo fseeko na ftello. Kama shida yako ni kukumbuka mahali na kurudi papo hapo tu, fgetpos na fsetpos, zilizomo tangu kiwango cha ANSI cha 1989, zinatosha, ila usizifanyie hesabu namba zake.

Mikondo mingine hairudi nyuma kabisa. Programu iliyopokea data kwa kuunganishiwa na programu nyingine kwa alama ya | haina pa kurudi: kilichopita kimepita, na fseek itashindwa.

Itashindwa kimya, usipoangalia jibu lake. Fseek hurudisha sifuri ikifaulu, na namba nyingine ikishindwa. Ftell ikishindwa hurudisha -1. Rewind, inayokupeleka mwanzo wa faili, hairudishi chochote na tena hufuta alama ya kosa, kwa hiyo mwandishi makini huandika fseek(f, 0L, SEEK_SET).

Kuangalia jibu hilo kuna faida kubwa kuliko inavyodhaniwa. Fwrite ikikuambia imefaulu, huenda maana yake ni kwamba data imeingia bafani tu. Diski ikiwa imejaa, habari hiyo mara nyingi hutokea baadaye, bafa inapomwagwa: ndani ya fseek, fflush au fclose. Mfano wetu wa alama umeacha ukaguzi huo ili usomeke kirahisi. Kwenye programu ya kazini, mistari yote miwili ya fseek iwekewe if, na fclose ya mwisho pia. Vinginevyo mwanafunzi namba 27 anaweza kubaki na alama zake za zamani huku programu ikitangaza kwamba kila kitu ni shwari.