Miwani ya Jirani Si Yako

Je, siku hizi unasogeza gazeti mbali ndipo uone herufi? Usidhani umesahau kusoma. Usiache darasa. Watu wengi hupatwa na hali hii wakifikia umri wa miaka 40 hivi. Lenzi iliyo ndani ya jicho inakuwa ngumu.

Uliza kituo cha afya wanapopima macho. Mpimaji atakufunika jicho moja, usome ubao wa herufi ulio mbali. Kisha jicho la pili, maana macho ya mtu mmoja huweza kutofautiana. Mweleze na kazi yako. Fundi cherehani hutazama karibu, dereva hutazama mbali. Miwani yao haiwezi kuwa moja.

Ukiazima ya jirani, huenda ukaumwa kichwa tu. Tena haitakuonyesha ugonjwa. Mpimaji humulika ndani ya jicho. Mtoto wa jicho haondoki kwa miwani, huondolewa kwa upasuaji. Presha ya macho ni mbaya zaidi: mara nyingi haiumi, na uoni uliopotea haurudi. Kama mzazi wako au ndugu yako wa tumbo moja aliugua ugonjwa huo, mwambie mpimaji kabla hajaanza.