Kwa nini kanga hukimbia mbele ya lori
Kwenye barabara za vumbi za Kigoma, kama zile za wilaya ya Kasulu iliko kambi ya Nyarugusu, madereva wa malori hukuta kanga katikati ya njia. Ndege hawa hufuata punje zilizodondoka kwenye magunia, na vijiwe vya kusagia chakula ndani ya firigisi. Kanga ni mzito: hukimbia kwanza, kuruka ni baadaye. Mmoja akivuka, wenzake humfuata hata kama lori limeshafika.

Dereva, punguza mwendo mapema. Usikate usukani ghafla. Lori lenye shehena linaweza kupinduka, na pembeni wapo watembea kwa miguu.

Wazazi, wazuieni watoto kukimbilia kanga aliyegongwa. Huenda lori la pili liko nyuma, ndani ya vumbi, na dereva wake haoni mbele.